Jaketi Kuukuu la Mwalimu Kabiru

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyosema wahenga, na maana yake haina fumbo: kitu kizuri watu hukitafuta wenyewe hata kikiwa kimetupwa uvunguni, bali kibovu huzungushwa mlango hadi mlango kikisifiwa mpaka mate yakauke. Mwalimu Zachary Kabiru wa Kibomet aliijua methali hii tangu utotoni. Lakini kuijua methali ni jambo moja, kuitii siku ambayo umechoka ni jambo jingine.

Na Kabiru alikuwa amechoka, jamani! Alikuwa amestaafu kazi ya kufundisha uzamiaji kule Mombasa, akarudi Kitale akitumaini kulima mahindi yake kwa amani. Wapi! Kila mvua ilipozidi, maji ya mto Nzoia na ya mabwawa ya mashamba yalimmeza mtu. Jamaa za aliyezama waliketi ukingoni siku nenda siku rudi, wakiwangoja wazamiaji kutoka mbali, nayo matanga yasiishe kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kuzika. Mama Roselyne wa Misikhu alikuwa amemngoja mwana wa dada yake hivyo hivyo. Ndiye aliyemwendea Kabiru.

"Mwalimu, fundisha hawa watoto wetu hiyo kazi," alimsihi. "Sitaki mama mwingine alale kwa nyasi akiangalia maji."

Nani angekataa? Kikundi kikaundwa, Roselyne akawa mwenyekiti, na kila Jumamosi Kabiru akawafundisha vijana kuzamia katika bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini.

Shida ilikuwa majaketi. Mzamiaji huvaa jaketi lenye mfuko wa hewa. Akibonyeza kitufe, hewa ya mtungi wake huujaza mfuko ule na kumpandisha, akiitoa, hushuka. Jaketi la kufundishia huteswa kuliko jingine lolote. Mwanafunzi hubonyeza kitufe ovyo kwa woga, hulikwaruza kwenye saruji, huliacha juani, na dawa ya bwawa nayo hulitafuna polepole. Kabiru alikuwa na lake moja tu, jeusi zamani, sasa limepauka likawa rangi ya majivu. Halikuwa na urembo wowote, ila kitambaa chake kilikuwa kizito na mishono yake haikuwahi kulegea.

Hapo ndipo Hillary alipotokea. Alikuwa mchuuzi wa vifaa vya michezo, kijana mwenye ulimi wa asali na miguu isiyochoka. Alimfuata Kabiru nyumbani, akamfuata kanisani, akamfuata hata kwenye mazishi ya jirani, jaketi la rangi ya chungwa begani.

"Mwalimu wangu, ona mali hii! Mifuko kila mahali, rangi inawaka. Hiyo yako, bana, peleka makumbusho."

Kabiru alipitisha kidole kwenye mshono wa bega. Ulikuwa umegandishwa kwa gundi, mwembamba kama ganda la kitunguu. "Huu hautavumilia wanafunzi," alisema.

"Ati hautavumilia! Si ni maji tu?"

Kamati ilipokutana, mambo yaliharibika zaidi. Vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kikundi vilikuwa vya rangi ya chungwa, na majaketi ya Hillary yaliingiana navyo kama chanda na pete.

"Kikundi bila sare ni kikundi gani?" Roselyne aliuliza. "Siku ya uzinduzi wa kikundi wageni watatuonaje?"

Kabiru alifungua kinywa abishe. Akakumbuka mikutano yote aliyobishana tangu kikundi kianze, mabega yakamlegea. "Haya, leteni," alisema. Si akili iliyomjibu Roselyne siku ile, ni uchovu.

Majaketi yakaja. Muda si muda Kabiru akaona kioja. Vijana walianza kufika mapema kupindukia, na kila aliyeingia alilikimbilia jaketi kuukuu. Hakuna aliyewaambia kuwa ni zuri. Rispah, msichana mwepesi kuliko wenzake majini, ndiye aliyelipata mara nyingi.

"Mwalimu, hii inakaa vizuri kwa maji," alieleza. "Zile mpya zinafanya psss hapa kwa bega."

"Jaketi ni jaketi, Rispah. Usinichoshe."

Siku ya uzinduzi watu walijaa kwenye bwawa la shamba moja, njia ya kwenda Endebess. Rispah alikuwa amekwisha kulivaa jaketi kuukuu Roselyne alipomzuia.

"Hapana, msichana wangu. Vaa sare. Picha zitaharibika."

Rispah alimtazama mwalimu wake. Kabiru akatazama kando. "Vaa sare," alisema, naye akalichukua lile kuukuu, akalivaa.

Walizamia pamoja katika maji ya rangi ya chai. Chini kabisa, Rispah aliashiria wapande, akabonyeza kitufe. Hewa ikafoka begani mwake, mshono ukaachana, naye akaanza kudidimia kuelekea matopeni, mkanda wake wa vipande vya risasi, ule wa kumshusha mzamiaji, ukimvuta. Hofu ilimfanya asahau kuufungua. Alitapatapa, mpira wa kupumulia ukamponyoka mdomoni. Kabiru alimdaka kwa mshipi wa mtungi, akamrudishia hewa kinywani, akabonyeza kitufe chake mwenyewe huku akimwomba Mungu. Jaketi kuukuu likavimba, likawabeba wote wawili.

Ukingoni Rispah alikohoa maji na kulia. Roselyne alipiga magoti kando yake, akavua kitambaa chake cha chungwa akampangusa uso.

"Mwalimu, nilikaribia kumkalisha mama yake hapa kwa nyasi," alisema. "Mimi mwenyewe!"

"Tulikaribia sote," Kabiru akajibu. "Niliuona ule mshono, nikanyamaza."

Jumamosi iliyofuata Hillary alikuja tena, safari hii na majaketi yenye taa. Alisifu, akazunguka, akasifu tena. Hakuna aliyegeuza shingo. Vijana walikuwa wameketi kandokando ya bwawa, wakingoja zamu ya jaketi moja lililopauka, na Rispah alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Hilo ulilitoa wapi?" Roselyne alimuuliza Kabiru.

"Kwa mzee mmoja, Mombasa. Hata hakuniita. Nilimkuta akinywa chai, na hakukiweka kikombe chini."

"Basi tutaagiza kwake. Hata yakikawia, tutangoja."

Kabiru alijua maana ya kungoja: jaketi moja, wanafunzi wengi, naye kushinda majini hadi mifupa imuume. Hakunung'unika. Alimfunga Rispah vishikizo vya jaketi, akavivuta kimoja kimoja, huku sauti ya Hillary ikiendelea kunadi nyuma yao bila wa kuisikiliza. Ama kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.