Mtama Mfupi wa Clotilda

Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ndio unaolaliwa kila siku. Msala wa kuswalia wa mpita njia, hata upendeze vipi, mwenyewe ataukunja aondoke nao. Ignasi aliisikia methali ya mbacha na msala tangu utotoni Masasi. Maana yake aliipata utu uzimani.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, maduka ya Kariakoo yakafurika bidhaa za nje. Ignasi alikuwa amepunguzwa kazi katika karakana moja ya Gerezani. Riziki ikabaki kwenye shamba lao la Pugu, walikolima mtama mfupi, mbegu ambayo mkewe Clotilda aliachiwa na marehemu mama yake. Ulimfika mtu kiunoni tu, lakini ulibeba suke zito na upepo haukuuweza. Clotilda aliusaga, akapika uji na kuwauzia wachukuzi wa sokoni.

Kilichomkera Ignasi ni kicheko cha Polycarp, jirani yake wa shamba. "Umepanda mtama au majani ya sungura?" alimwuliza kila walipokutana.

Ndipo Ignasi akaingia katika duka la pembejeo la Harshida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia ipo dawa ya kurefusha mazao."

Harshida akateremsha kichupa. "Ipo. Ni homoni, kichocheo ambacho kila mmea unacho. Mtama mfupi unacho kidogo. Ukiunyunyizia, shina litarefuka. Punje haziongezeki, mzee. Nimeijaribu kwenye makopo hapo uani, mabua yakawa membamba, yakalala. Anza na tuta moja."

"Nitaanza na moja," Ignasi akasema, macho hayabanduki kwenye kichupa.

Alinyunyizia shamba zima, hata kipande walichotenga kwa mbegu ya msimu ujao, wala hakumwambia mkewe. Baada ya majuma machache mtama ukamfika kidevuni. Polycarp akafyata ulimi, naye Ignasi akatembea kifua mbele kama jogoo.

Masuke yalipoanza kujaa, mvua ya upepo ikapiga alasiri moja. Kulipokucha, shamba lote lilikuwa limelala matopeni. Waliinua mabua na kuyafunga kamba, lakini yalivunjika mikononi. Masuke yakaoza.

Clotilda alipukuchua suke moja, punje nyeusi zikamshikamania vidoleni. "Uliupa nini?"

Ignasi akamweleza yote.

"Mbegu hii ilikuwa ya mama," Clotilda akasema kwa sauti ya chini. "Nitamwomba nani nyingine?"

Ignasi alisafiri hadi Masasi, mbegu hiyo ilikotoka, akapita nyumba hadi nyumba kwa wiki mbili. Wengi walikwisha kuiacha mbegu ile. Hakupata hata kibaba. Clotilda akaacha kuuza uji, akaanza kufulia watu nguo.

Msimu uliofuata Polycarp alimkuta Ignasi akipanda mahindi, akamwuliza, safari hii bila kicheko, mtama mfupi umekwenda wapi. Ignasi aliegemea jembe lake, akamjibu: "Ndugu yangu, usiache mbachao kwa msala upitao."