Aondoke Nani?

"Kanuni huulizwa dadu ikiwa mkononi." Mmenisikia nikimwambia mwenzenu Shekiondo hivyo katikati ya mchezo wenu, sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Haya, kaeni, ila kigoda kile cha dirishani kiacheni, kina mwenyewe. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Soni palikuwa na mchora mabango aliyechora karata zake mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti. Kila karata ilikuwa na mtu na masharti yake, na hakuchora mbili zinazofanana. Mimi na rafiki yangu Semboja tulizikusanya kama wendawazimu. Mchoraji alipofariki, mjane wake alitupatia karata ya mwisho, moja kwa sote wawili. Ilikuwa na mzee ameketi kwenye kigoda, ametupa mgongo. Chini yake pameandikwa: "Rusha dadu. Ikitoka moja, aondoke. Ikitoka sita, arudi."

Alhamisi moja ya mvua tuliiweka mezani, humu humu ndani. Tungeicheza kwa masharti yake, na mshindi angeichukua. Semboja akashika dadu, kisha akasita.

"Aondoke nani?" akauliza. "Huyu mzee wa kwenye karata, au mimi ninayerusha?"

"Rusha bwana, tutaelewana ikishatua."

Nilisema hivyo kwa ujanja. Nilitaka kwanza dadu iseme, kisha niyasome maneno kwa faida yangu. Ikatua moja.

"Aliyerusha," nikasema upesi. "Wewe ndiye wa kuondoka."

Nilimaanisha mchezoni tu. Semboja alinitazama, akaweka karata zake chini, akainuka bila kumaliza chai, akiwa na shati lake lenye kiraka cha kijani begani. "Haya, ndugu yangu, kwaheri," akasema, akatoka. Nilicheka, nikijua amenuna. Nilipochungulia nje, njia yote hadi mtoni ilikuwa tupu. Kwenye tope palikuwa na nyayo zake tatu. Wa nne haukuwapo.

Tulimtafuta wiki mbili. Mama yake aliniuliza tuliachana vipi, nikashindwa kumtazama usoni. Nilimpenda Semboja kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na nilikuwa nimemwondoa kwa tamaa ya kipande cha boksi.

Ndipo nikakumbuka mstari wa mwisho. Nikaketi peke yangu, nikarusha. Mbili. Nne. Tatu. Nikarusha hadi vidole vikaniuma, nikisema moyoni, arudi, arudi. Alasiri ikatua sita.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

"Karibu, Semboja, karibu," nikajibu, machozi yakinitoka.

Aliyeingia hakuwa Semboja. Alikuwa mzee. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kigoda kile cha dirishani, akaketi, akanipa mgongo. Nikaitazama karata. Aliyeketi ndani yake sasa alikuwa kijana, naye mgongo tu, na begani ana kiraka cha kijani.

Kwa mara ya pili dadu ilikuwa imerushwa kabla sijauliza: arudi nani?

Nyinyi mnaona kigoda kitupu. Mimi naona mgongo, mwaka wa arobaini huu. Dadu ninayo hapa mfukoni. Mkono huniwasha kuirusha, lakini sijui safari hii ataondoka nani, wala atarudi nani, na aliyeyaandika maneno yale alishazikwa. Kwa hiyo wajukuu zangu, mkinisikia nawakatiza katikati ya mchezo msininunie. Kanuni huulizwa dadu ikiwa mkononi.