Mzigo wa Pikapu ya Kasim

Methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua hutajwa zaidi mgonjwa anapofikishwa hospitalini akiwa hoi, kwa ugonjwa alioufunika muda mrefu kama aibu. Lakini Santo, fundi wa magari wa mtaa wa Nateete, Kampala, aliijua maana yake kwa njia ya pikapu.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa bunduki, watu wa Kampala walipojifunza kusalimiana bila kuulizana habari. Kasim, rafiki wa Santo tangu utoto wao katika kambi ya polisi, alikuwa dereva wa ofisi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Mkewe Rukiah, aliyeuza karanga sokoni, aliambiwa kwamba mumewe hupeleka posho ya unga katika kambi za jeshi. Mji mzima uliambiwa hivyo hivyo, na mji haukubisha.

Asubuhi moja Kasim alileta pikapu ya kijivu yenye tabia ya ajabu. Mara nyingine ufunguo ukizungushwa iliwaka papo hapo; mara nyingine ilitoa mlio mmoja, kak, kisha kimya. Santo alipima betri, akasugua vichwa vyake, akafungua stata inayoamsha injini na kukagua kaboni zake. Vyote vilikuwa vizima. Akaiwasha mara ishirini, ikaitika mara ishirini. Nywele zikamsisimka, maana gari lile lilikuwa kama linajua linapotazamwa.

Fundi hodari hulihoji gari kupitia kinywa cha dereva. Santo akauliza kama linakataa likiwa la moto au la baridi, mlimani au tambarare, tupu au na mzigo. Kasim akatazama pembeni.

“Wewe tengeneza tu, Santo. Hayo maswali wacha.”

“Ndugu yangu, hata daktari anauliza mgonjwa.”

“Tengeneza. Mkubwa amesema hii gari ikizima tena njiani, mimi ndiyo nitapanda nyuma.”

Santo alimpenda Kasim, naye aliogopa kuelewa alichoambiwa. Pikapu ilirudi mara tatu, kila mara ikiwa tupu, sehemu ya nyuma imeoshwa na bado inachuruzika maji. Mara ya tatu Santo alipendekeza waipakie matofali waijaribu. Kasim alimtazama kama aliyeambiwa avue nguo mbele ya wakwe, akapanda na kuondoka.

Ijumaa ya wiki hiyo, mchana, pikapu ilizimika mbele ya soko la Nateete, nyuma imefunikwa turubai. Kak. Kimya. Kak. Gari likikwama, watu wa soko hawangoji kuombwa. Wachuuzi wakaja kusukuma, Santo akatoka mbio kwenye gereji yake ya jirani, na Rukiah akaacha karanga zake akaegemeza mabega nyuma, akimtania mumewe kwamba posho ya jeshi imemshinda.

Ndipo chini ya turubai mtu akakohoa.

Mikono yote ikaachia kwa pamoja. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Mmoja mmoja walirudi kwenye bidhaa zao na kuanza kupanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Rukiah peke yake alizunguka hadi dirishani.

“Kasim,” alisema polepole, “posho haikohoi.”

Machozi yalimtoka Kasim akiwa ameshika usukani. Gari la pili la ofisi ile lilifika, likaifunga pikapu kwa mnyororo. Kasim hakupigwa wala hakuburutwa. Aliambiwa apande nyuma, naye akainua turubai mwenyewe na kuingia.

Wiki iliyofuata dereva mwingine aliileta pikapu ile.

“Inakataa ikibeba mzigo,” alisema kabla ya kuulizwa.

Santo alipakia matofali, akalala chini ya gari. Waya mnene utokao kwenye betri ulikuwa umekatika nusu pale unaposhika chesisi, fremu ya chini ya gari. Gari likiwa tupu nyuzi ziligusana; chesisi ikielemewa, ziliachana. Kazi ya dakika kumi. Aliikaza nati mpya akilia, akiichukia mikono yake kwa kuliponya gari lile, na akimlilia rafiki aliyeshindwa kutamka neno mzigo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.