Sakafu Nyekundu ya Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na wakwe kama sisi, Fisi na mkewe walirithi nyumba kuukuu. Sakafu yake ya udongo ilikuwa imeoza, na kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kula.

Kitoweo walikuwa wamekifungia stoo: watoto wawili wa Digidigi, Sudi na dada yake Sikitu, walioibwa kisimani.

Mama yao alipopata habari hizo, akajipaka saruji mwili mzima, hata harufu yake ikapotea. Akashika mwiko, akabisha. Ko! Ko! Ko!

"Hodi! Fundi wa sakafu!"

"Karibu, fundi," alisema Bi Fisi. "Mimi nataka vigae."

"Nyumba ya zamani hii, mama, inatitia. Vigae vitapasuka. Weka saruji nyekundu."

"Nyekundu nzuri," alisema Fisi akijilamba. "Haionyeshi madoa."

Digidigi alisikia uchungu, akaumeza.

"Basi bwana, udongo mbovu utoke. Chimba mpaka magotini."

Fisi alichimba, kwa! kwa! Akakoroga na zege lenyewe, maana nguvu anazo.

"Sasa nendeni nje mkapumzike," alisema Digidigi.

"Ng'o!" alisema Fisi. "Fundi asiposimamiwa huiba saruji!"

"Haya, simameni kule pembeni, mwone vizuri."

Wakasimama kwenye kipande kilichobaki bila kuchimbwa, wamekunja mikono. Digidigi akaanzia miguuni pao, akamwaga na kusawazisha, akirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Msikanyage mpaka ikauke!"

Akakimbilia stoo. Kacha! Komeo likafunguka.

"Mama!" sauti ndogo ililia.

"Ala! Huyo si fundi!" Fisi akaruka. Chubwi! Miguu yote ikazama. Mkewe akaenda kumvuta, chubwi! naye akanasa.

Stoo alikuwemo Sikitu peke yake.

"Sudi yuko wapi?"

"Walimla jana, mama. Walisema wanaonja."

Digidigi akambeba aliyebaki, akakimbia huku analia.

Asubuhi wakwe wakafika na njaa yao. Zege lilikuwa limeshashika.

"Tusaidieni, wakwe zetu!"

"Kitoweo kiko wapi?"

"Kimekimbia!"

Wakwe wakatazamana, kisha wakawatazama wenyeji wao, wanene, wasioweza kukimbia. Wakafunga mlango.

Kweli, nyekundu haionyeshi madoa.

Msishangilie, wanangu, Sudi hakurudi. Shikeni hili tu: mchimba kisima huingia mwenyewe.