Shika Tawi, Nitafunga Fundo

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Hivyo ndivyo. Watoto mbele, wakubwa nyuma, na anayesinzia asinikoromee.

Hapo zamani za kale, palikuwa na mgunga mkubwa kando ya kijito. Katika mgunga huo waliishi akina Mnana. Mnawajua? Ndege wadogo wa manjano, mafundi wa kufuma viota. Makelele yao hayana mfano. Asubuhi chwi-chwi-chwi, mchana chwi-chwi-chwi, jioni ndiyo usiseme.

Siku moja yai la mwisho la mama mmoja likapasuka. Kinda huyo alikuwa amekawia sana kutoka. Alipotoka, bawa lake la kushoto lilikuwa limekaza, miguu imepishana, kichwa kinatikisika, tik-tik-tik. Mama yake akamwita Chengo.

Majirani wakanong'ona. Huyu: "Amerogwa." Yule: "Mama yake alikula mtama wa wenyewe."

Bwana Makelele, jirani wa tawi la juu, akawakemea. "Nyamazeni! Si uchawi wala si laana. Ni mtoto, na mtoto ana njaa. Nani ana panzi?"

"Na mimi nikifa, je?" Mama Chengo akauliza. "Nani atamtazama?"

"Sisi tupo," akasema Bwana Makelele. "Tukifa, watoto wetu wapo. Lete huyo mtoto ale."

Basi ikawa hivyo. Huyu analeta panzi, yule analeta mbegu. Kila jua likichomoza, jirani mmoja anamnyoosha bawa: nyoosha, kunja, nyoosha, kunja. Wenzake walijifunza kuruka kwa siku tatu. Chengo alijifunza kwa masika mawili. Akaanguka, puu! Wakamwinua. Akaanguka, puu! Wakamwinua. Siku aliyoruka kutoka tawi hadi tawi, mgunga mzima ulishangilia, na Bwana Makelele akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Bawa halikunyooka. Chengo aliruka hivyohivyo, upande upande, na alifika.

Chengo akawa kijana. Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo penye mambo. Kwa akina Mnana, dume hufuma kiota, kisha hujining'iniza chini yake, akapiga mabawa na kuita. Jike huja, huingia, huvuta fundo hili, huvuta fundo lile. Likilegea, anakwenda zake. Majani yakikauka kabla hajakubali, basi tena, mpaka masika mengine.

Chengo alimpenda Zuwena, binti wa mgunga wa ng'ambo, mwenye maneno machache na mdomo mkali. Akamfumia. Bawa likatikisika, tawi likatikisika, fundo la kwanza likateleza. Kiota, chubwi! ndani ya kijito. Masika ya pili, chubwi! Masika ya tatu, chubwi! Chengo akajificha kwenye matete, akalia. Aliona vibaya kuliko siku zote za kuanguka, maana wenzake wote walikuwa na nyumba.

Majirani wakaumia. Wakasema, "Huyu ni mtoto wetu. Tumfumie!" Chengo alipotoka kwenye matete, akakuta kiota kimekwisha. Cha mviringo, laini, hakuna jani lililochomoza.

"Chako hicho!" akapaza sauti Bwana Makelele. "Jining'inize uite!"

Chengo akafungua mdomo. Lakini maneno yake hutoka polepole, nao walikuwa na haraka ya furaha. Wakaimba, wakaita kwa niaba yake. Zuwena akaja, fru! Akaingia. Akavuta fundo, tii! Halikulegea. Akavuta la pili, tii! Halikulegea. Akatoa kichwa mlangoni.

"Kiota kizuri. Chengo, fundo la kwanza umelifunga wapi?"

"Amelifunga hapa juu, kwa ustadi kabisa!" akadakia Bwana Makelele.

"Shikamoo, Bwana Makelele. Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye nyumba, na sina haraka."

Akangoja. Mgunga mzima ukangoja. Bwana Makelele akajiziba mdomo kwa bawa.

"Si... changu," akasema Chengo. "Wamenifumia. Wananipenda. Lakini... nataka... kukufumia... mwenyewe."

"Mwanangu," akasema Bwana Makelele, "mbona hukutuambia?"

"Ham... hamkungoja."

Lo! Neno hilo liliwachoma kuliko miiba ya mgunga wao.

"Basi leo tunangoja. Tukusaidie nini?"

"Tawi... linatikisika. Nishikieni tawi."

"Tawi tu?"

"Tawi tu. Fundo... nitafunga."

Zuwena akakung'uta manyoya. "Nitakuja kesho kutwa. Nisipokuta kiota nitakwenda kwingine. Sitaki kudanganywa, lakini hata kunyeshewa sitaki."

Kazi ikaanza! Chengo akafumua kile kizuri, jani kwa jani. Majirani wakapanga safu juu ya tawi, kucha zimekaza, kama wavuta kamba. Tawi likatulia tuli. Nao wakaimba, nanyi itikieni:

Shika tawi, shika!

Tumeshika, tumeshika!

Fundo hili la nani?

La Chengo, la Chengo!

Fundo likateleza. Hakuna aliyeinua mdomo kumsaidia, ingawa ilimwasha Bwana Makelele kama upupu. Chengo akalirudia. Likateleza. Akalirudia. Likashika!

Siku ya tatu kiota kikakamilika. Kimepinda, majani yamechomoza kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Chengo akajining'iniza, akaita kwa sauti yake mwenyewe. Zuwena akaja, fru! Akavuta fundo la kwanza, tii! Limeshika. Akavuta la pili.

"Hili limelegea," akasema.

Chengo akasogea, upande upande, akalifunga upya, polepole. Zuwena akangoja. Kisha akavuta kwa nguvu zake zote, tiiii! Likashika. Akaingia ndani, akarukaruka mara tatu, akachungulia nje.

"Kimepinda," akasema. "Bahati njema, mimi hulala upande."

Weee! Furaha ya siku hiyo! Mama Chengo alicheza mpaka akasahau umri wake.

Wakazaa, wakalea. Kila masika majirani walikuja kushika tawi bila kuitwa. Bwana Makelele akafa, wajukuu wake wakashika mahali pake. Mama Chengo akafa, na alikufa hana wasiwasi.

Masika fulani, Chengo akiwa mzee, kijana mmoja akamjia. Mabawa yake mazima, ila alikuwa na woga wa kufuma. "Mzee Chengo, naomba unishikie tawi."

Chengo akakaa juu ya tawi. Tawi likatikisika, tik-tik-tik! Mgunga mzima ukacheka, na aliyecheka zaidi ni Chengo mwenyewe.

"Funga... hivyohivyo," akasema. "Ukiweza hapa... upepo... hautakuweza."

Kijana akafunga, na fundo likashika.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mjue hili: mwenzako akihitaji msaada, mpe leo, mpe kesho, mpe mpaka uzeeni. Lakini kwanza muulize, kisha ngoja ajibu. Wewe shika tawi, fundo mwachie mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya tawi. Aliyeitikia vizuri akalale vizuri, na aliyesinzia akasimuliwe na jirani yake.