Barua ya Bi Mishi

Nimepita miji mingi, na kila mji benki ilinishinda mimi. Haikumshinda Bi Mishi wa Tanga, mpishi wa harusi.

Sufuria lake la pilau lilitoboka, harusi ikiwa Jumamosi. Jipya liliuzwa laki moja. Benki mpya ya mtaani ilimpa laki moja kila aliyehamia kwake na barua ya kufunga akaunti ya zamani, mwisho Ijumaa. Ijumaa asubuhi akaenda benki yake ya zamani.

"Barua ni elfu hamsini, mama," akasema meneja, Bwana Rwegoshora.

"Nikikupa hizo, mwanangu, ninunue nusu sufuria?"

"Hilo ni lako."

"Basi acha nikae nifikiri."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Akaingia mwanamke mmoja, akauliza kwa sauti, "Shoga, unangoja nini?"

"Barua ya kuhama. Kule wanatoa laki."

"Wee, hata mimi naitaka."

Akaingia wa pili, akauliza, akaketi. Walipofika saba, foleni nzima ilikuwa imegeuza shingo. Meneja akatoka mbio na barua, muhuri haujakauka.

"Chukua bure, mama, uende. Hawa nitazungumza nao."

Akawanunulia soda, akawasihi wasihame. Wakaahidi, wakanywa, wakamfuata Bi Mishi kwenye kona.

"Amewabembeleza?"

"Mpaka huruma. Hakutuuliza hata majina."

Kati ya wanawake hao hakuna aliyekuwa na akaunti pale. Walikuwa wapishi wenzake, na kesho yake walikuwa na pilau ya kupika.