Chumvi ya Mtemi Lugaila

Kale, kale ya kale, siku ambazo chumvi ilikuwa na mlinzi na mtu hakuwa naye. Mpo, wajukuu?

"Tupo, bibi!"

Basi tegeni masikio, miguu ipumzike.

Katika nchi ya Mtemi Lugaila palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi. Wanawake walichota wakachemsha, wakachota wakachemsha, mpaka chunguni ikabaki chumvi. Nani aliila? Mtemi. Kifurushi kimoja kilinunua ng'ombe na ndama wake. Na jioni kila mchemshaji alinawa mikono langoni, maji yale yakarudishwa chunguni. Hata uchafu wa kucha ulikuwa mali ya ikulu!

Nyanzobe alikuwa mmoja wa wachemshaji. Mama yake, Kabula, alichemsha kabla yake mpaka moshi ukamla macho. Sasa Kabula alikuwa kitandani, anakata roho.

"Mwanangu, nimeipika maisha yangu yote. Nataka niionje kwenye mlenda kabla sijaondoka."

Nyanzobe akaenda ikulu. Akamkuta Mtemi na wageni wamezunguka moto. Mtemi akachota konzi ya chumvi, akaitupa motoni. Pa! Pa! Pa! Wageni wakapiga makofi. Mnasikia, watoto? Chumvi ya kuchezea!

Akapiga magoti. "Mtemi, mama yangu anakufa. Naomba ya kushika kwa vidole viwili tu."

"Mama yako amekula mlenda chapwa tangu azaliwe. Ulimi wake umetawazwa lini?"

Wageni wakacheka. Mtemi akatupa konzi nyingine. Pa! Pa!

Nyanzobe hakulia. Hasira ilimkausha machozi. Kesho yake akachota maji ya chumvi, akachovya upindo wa nguo yake, ukakauka, akachovya tena. Jioni akanawa langoni, akasugua, akanyoosha vidole.

"Safi. Pita, dada," mlinzi akasema.

Sheria ilikuwa ya mikono. Nguo haikutajwa.

Nyumbani akaulowesha upindo, akaukamua kwenye mlenda. Kabula akaonja. Akaonja tena.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hii tu? Hii ndiyo niliyopofukia?"

Akala mpaka akalamba chungu. Alfajiri hakuamka.

Leo, wajukuu, chumvi mnaimwaga mezani na hakuna anayegeuka. Mtemi Lugaila hakuwahi kuwasha taa ya umeme, hakuwahi kunywa soda ya baridi, hakuvaa viatu kama hivyo vyako, Maige. Fukara wa leo anamzidi. Sasa niambieni, utajiri wake ulikuwa wa nini?

"Wa chumvi, bibi!"

Wa kunyima! Chumvi ilikuwa kisingizio. Na wenzake bado wapo, wamebadilisha kitu tu. Ukimwona mtu anatupa motoni kitu ambacho mwenzake anakililia, usimpigie makofi.

Kisa nimekikamua chote. Kilichobaki kwenye upindo ni chenu.